Pipa Lililosemwa ni Tupu

Mume wangu alikuwa fundi wa vyuma. Yuko hai, ninapoandika haya namsikia uani akikohoa na kumwuliza binti yetu mmoja kama nguo zimeshaanikwa. Lakini ufundi wake umekwisha, na watu wa mtaa wanaposema "yule alikuwa fundi" siwasahihishi.

Kibanda chake kilikuwa ukingoni mwa mtaa wa Bulla Pesa, mjini Isiolo, kando ya barabara inayopitisha malori ya mifugo, na changu cha chai kiliegemea ukuta wake wa mabati. Yeye alitengeneza madirisha, mageti, vitanda vya shule za bweni na mikokoteni ya punda. Mimi nilipika chai, chapati na maharagwe. Mtu akileta geti lake lichomelewe alikunywa chai yangu akisubiri, na aliyekuja kunywa chai alikumbuka kwamba kitanda chake kimevunjika mguu. Tuliishi hivyo vizuri. Kila asubuhi tulitembea pamoja kutoka nyumbani, mtaa wa Chechelesi, yeye mbele kwa hatua zake ndefu za watu wa kwao Turkana, mimi nyuma na unga uliokandwa kwenye sufuria, nikimwambia apunguze mwendo naye asipunguze.

Alikuwa na tabia ya kuimba nyimbo za kanisani akiwa ameshika grainda, ile mashine ya kukata chuma. Aliamini kelele za mashine zinamfunika, kwa hiyo alitoa sauti yote. Mimi nilikuwa nyuma ya bati moja tu. Nilimsikia kila neno, hata pale aliposahau maneno akaingiza yake. Sikumwambia kamwe kwamba namsikia, maana angeacha.

Kazi aliisomea kwa macho. Alikuwa amekaa na fundi mmoja Mmeru miaka kadhaa, akishika chuma huku mwenzake akichomelea, mpaka siku moja akapewa mashine ashike yeye. Alijua umeme unaua. Alijua cheche ikiingia jichoni unaweka maziwa usiku na asubuhi unaomba Mungu. Alijua chuma kilichotoka motoni hakitofautiani kwa rangi na chuma baridi, na kidole kimoja cha mkono wake wa kushoto kilikuwa na kovu la kumkumbusha. Hatari zote alizofundishwa zilikuwa za kuonekana au kuguswa.

Kisha kukawa na ukame ule uliowaleta wafugaji mjini wakitafuta kazi za kubeba mizigo. Tulizoea kuona mbuzi wakitembea kama wamelewa, na mizoga kando ya barabara ya kwenda Garbatulla. Mjini kwenyewe mifereji ilikauka, tukawa tunangojea mikokoteni ya maji kama tunavyongojea mgeni wa heshima. Ndipo kontrakta mmoja alipokuja kwenye kibanda cha mume wangu.

Alikuwa mtu wa mjini hapa hapa, mwenye shati lililopigwa pasi na gari dogo jeupe. Alikuwa amepewa kazi na mradi wa kuwasaidia wafugaji: atengeneze mabirika ya kunyweshea mifugo, yapelekwe upande wa Kulamawe. Nyuma yake lilikuja lori limebeba mapipa ya chuma, yale makubwa ya mafuta, yakigongana hadi mtaa mzima ukatoka kutazama.

"Fundi," alisema, "kata katikati, kwa urefu. Pipa moja linatoa birika mbili. Weka miguu, piga rangi ya buluu. Wageni wanakuja kukabidhi, na sitaki aibu."

Mume wangu alizunguka mapipa akiyagonga kwa vidole. "Hizi pipa zilikuwa na nini?"

"Ni tupu."

"Naona ni tupu. Nauliza zilibeba nini."

"Zingine mafuta ya kupika, zingine mafuta ya gari. Sasa hiyo inakusaidia nini? Ni tupu, fundi. Zimekaa kwa jua mpaka zikakauka."

Mume wangu alifungua kizibo cha pipa moja, akainamisha pua. Nilikuwa nimesimama hapo na kikombe cha chai cha kontrakta, na harufu ikanifikia mimi pia: tamu, nyembamba, ya kukuzungusha kichwa kidogo. Haikuwa kali. Mtu aliyejaza pikipiki mafuta asubuhi hunuka zaidi ya vile.

"Hii ni petroli," mume wangu alisema. "Wacha nioshe kwanza. Tuletee maji."

Kontrakta alicheka, na wapakuzi wa lori wakacheka naye. "Maji? Fundi, mbuzi wanakufa huko, watoto hawana ya kunywa, na wewe unataka kuogesha chuma? Itaoshwa na hao mbuzi wakikunywa. Ukiona kazi ni ngumu, sema. Mafundi wako wengi."

Mume wangu hakusema kazi ni ngumu. Hakuna fundi anayesema hivyo mbele ya watu. Alipindua mapipa, vizibo wazi, midomo ikitazama chini ili kama kuna tone limebaki limwagike. Mengine yalitoa kijiko cha majimaji ya kahawia, mengine hayakutoa chochote. Aliyaacha hivyo juani. Aliamini, kama mimi nilivyoamini, kama kila mtu aliyekuwa pale, kwamba petroli ikimwagwa imekwisha.

Alianza na yale ya mafuta ya kupika. Yalikatika vizuri, yakanuka kama mandazi yaliyoungua. Kisha akakata moja lililobeba dizeli, nalo lilipotobolewa likavuma, likatoa pumzi ya moshi mweusi, likanyamaza. Nilitoka mbio. Yeye alikuwa anatabasamu, miwani yake myeusi imepanda kwenye paji la uso.

"Imenguruma tu," alisema. "Kama simba wa kwenye picha. Rudi kwa chapati zako."

Nimefikiria mara nyingi juu ya ule mngurumo. Ulimwambia jambo la uongo. Laiti ungemchoma kidole tu, angeyakataa mapipa yaliyobaki.

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Jua lilikuwa limeanza kukaza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameketi kwenye benchi langu akinywa chai, akilalamika kwamba wanafunzi wake wanasinzia kwa njaa. Nilikuwa nasukuma chapati. Upande wa pili grainda ilikuwa inalia juu ya lile pipa la petroli, na mume wangu alikuwa anaimba, na kama kawaida alikuwa amesahau ubeti wa pili. Nilisikia sauti ya mashine ikibadilika, kama inavyobadilika chuma kinapoumwa.

Watu wa sokoni walisema walisikia mlio. Wa msikitini walisema walidhani ni bomu. Mimi sikusikia kitu. Niliona ukuta wa bati ukinijia, kisha nikawa nimelala chini, unga umenijaa mdomoni, na mwalimu amenilalia miguuni akisema "Yesu, Yesu, Yesu" bila sauti, au labda kwa sauti ambayo masikio yangu hayakuweza kuipokea.

Nilipoinuka nilitazamia kuona moto. Hapakuwa na moto. Hilo ndilo ninalowaambia watu na hawaniamini. Hapakuwa hata na moshi wa kutosha kumkohoza mtu. Pipa lilikuwa limefunguka kama ua, na kitako chake cha chuma kilikuwa hakipo. Walikikuta baadaye juu ya paa la duka ng'ambo ya barabara. Mume wangu alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye nguzo, kama mtu aliyechoka. Shati lilikuwa linafuka. Miwani haikuwapo. Mkono wa kulia sikuutazama mara ya pili.

Watu walijaa mara moja. Mmoja alileta samli ampake, mwingine akapiga kelele kwamba dawa ya meno ndiyo inayopoza. Ndipo jirani yangu wa ng'ambo, mama wa Kiborana anayeuza sukari na mashuka, alipowapasua watu katikati akiwa na mitungi ya maji aliyonunua asubuhi ile kwa ajili ya nyumba yake.

"Msimpake kitu!" alisema. "Subhanallah, ondokeni! Msimpake kitu!"

Alimmwagia maji yale yote, polepole, usoni na kifuani, mtungi baada ya mtungi, mpaka ukaisha wa mwisho. Kisha akavua shuka aliyojitanda juu ya baibui, akamfunika nayo, akasimamisha tuktuk kwa kusimama mbele yake.

Hospitali ya mjini walimfunga bandeji na siku ile ile wakampeleka Meru. Huko walimkata mkono chini kidogo ya kiwiko. Kuhusu macho, daktari aliniita kwenye korido. Alikuwa kijana, amechoka, na aliniambia ukweli bila kuuzungusha, nami nilimshukuru kwa hilo baadaye. Siku ile nilitaka kumpiga.

Mume wangu alipoanza kuzungumza, uso wote umefungwa, swali lake la kwanza lilikuwa juu ya grainda.

"Iko wapi?"

"Jirani ameihifadhi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anasikiliza redio kwa sauti ya chini.

"Mama watoto. Ile pipa ilikuwa tupu, sivyo?"

"Ilikuwa tupu."

"Nilipindua mwenyewe. Haikutoa hata tone."

"Haikutoa."

"Basi nilikosea wapi?"

Nilimshika mkono uliobaki, ule wenye kovu. Aliniuliza swali hilo tena kesho yake, na siku zilizofuata, kwa sauti ile ile ya utulivu, kama mtu anayetafuta kipimo alichokosea kwenye dirisha.

Kontrakta alikuja kumwona. Alileta mkate na chupa ya juisi, akasimama mwisho wa kitanda, kofia mkononi.

"Pole sana, fundi. Ni mapenzi ya Mungu."

Mume wangu aligeuzia uso ukutani.

"Lakini fundi ndiye anajua kazi yake," kontrakta aliendelea, na nikaona kwamba hasemi nasi. Alikuwa anawatazama wagonjwa wengine na wageni wao, mmoja mmoja. "Mimi nilileta mapipa matupu. Kila mtu aliona ni matupu. Sivyo, mama?"

"Uliombwa maji," nilimwambia.

"Maji gani, mama? Wakati ule nani alikuwa na maji?"

Alikaa kidogo, akatazama saa, akaondoka. Nilikula ule mkate kwa sababu nilikuwa na njaa, na nilimchukia zaidi kwa kuwa ulikuwa laini.

Mjini maneno yalikuwa yameshatutangulia. Wengine walisema alikuwa anavuta sigara, yeye ambaye hakuwahi kuweka sigara mdomoni. Wengine walisema alikuwa amelewa. Kuna waliosema pipa lilikuwa limefungiwa kitu cha uchawi na mtu mwenye wivu. Kanisani, ndugu mmoja alisimama kwenye shuhuda akamshukuru Mungu kwa sababu asubuhi ile alikuwa ampelekee mume wangu jembe lake alichomelee, akachelewa. Watu wakasema amina. Nilikuwa nimeketi nyuma yake.

Kituo cha polisi walinisikiliza kwa adabu. Yule aliyenihudumia alisema hakuna aliyemlazimisha mume wangu kukata lile pipa. "Fundi ni mtu mzima, mama. Alikubali kazi." Nilitoka nikiwa nimepewa ushauri wa kurudi na wakili.

Nilikuwa nabomoa kibanda changu, mabati yaliyobaki nikiyapanga kwa ajili ya kuuza, alipokuja mwanamke mmoja amevaa suruali na viatu vizito. Alijitambulisha kuwa afisa wa usalama kazini, ametumwa kutoka mbali kuja kutazama mahali pa ajali. Alizunguka, akapiga picha, akaliinamia lile pipa lililofunguka na kupitisha kidole ndani ya mshono wake, pale chuma kinapokunjwa na kuunganishwa. Akakinusa kile kidole.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Bado inanuka, mama. Mpaka leo."

Nikamwuliza swali la mume wangu. Nilimwuliza kama lilivyo: pipa lilikuwa tupu, alikosea wapi?

Aliketi juu ya tofali. Nadhani aliona sikuwa natafuta maneno ya pole.

"Mama, petroli yenyewe haiwaki," alisema. "Kinachowaka ni mvuke wake. Ile unayonusa. Pipa likijaa mafuta, mvuke hauna nafasi na hewa haiingii. Likiwaka, linawaka mdomoni tu. Likimwagwa, hewa inaingia, na mafuta kidogo yaliyobaki kwenye mshono na kwenye kutu yanatoa mvuke. Jua linayasaidia. Sasa pipa zima limejaa mvuke na hewa, vimechanganyika. Halafu unaleta cheche."

"Lakini yeye alipindua."

"Mafuta yalimwagika. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hautoki upesi kama moshi. Unakaa kwenye shimo, kwenye kona, unatambaa chini. Na mshono hauachi kutoa mwingine."

"Harufu ilikuwa kidogo."

"Pua inazoea. Na kidogo hicho ndicho kibaya. Mvuke ukiwa mwingi sana hauwaki, ukiwa haba sana hauwaki. Hapo katikati ndipo unapolipuka, na pua haiwezi kukuambia umefika katikati."

Aliomba mkebe wa majani ya chai, na mwendesha bodaboda aliyekuwa akitazama akampa petroli kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Afisa aliimwaga ndani ya mkebe, akautikisa, akaimwaga yote nje. Akaupindua tuone. Hakuna tone. Akaufunga, akauweka juani, akatusogeza sote mbali sana, mpaka barabarani, akaugusa na kijiti cha moto kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, kupitia tundu alilotoboa. Kifuniko cha mkebe kiliruka juu kuliko waya za umeme. Watu walipiga makofi kama wako kwenye mazingaombwe.

"Angefanya nini?" nilimwuliza aliporudi.

"Kwanza asikate la petroli kabisa, kama kuna lingine. Kama ni lazima, aoshe kwa maji moto na sabuni, tena na tena, na apitishe mvuke wa maji. Halafu alijaze maji karibu juu, mvuke usipate mahali pa kukaa, ndipo akate na kizibo kikiwa wazi."

"Maji," nilisema.

"Ndiyo, mama. Maji mengi."

"Haya mambo mlianza kuyajua lini?"

Alifikiri nampima. Kisha akaona sivyo. "Ni ya zamani sana. Babu yangu alikuwa hajazaliwa."

"Na nani alikuwa atuambie sisi?"

Alitazama viatu vyake vyenye vumbi letu. "Sisi," alisema. "Ni kazi yetu. Lakini ofisi ina watu wachache, na eneo ni kubwa hivi." Alipanua mikono kuonyesha ukubwa. Nilimwamini, na kumwamini kulinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kumtukana.

Nilipanda gari hadi Meru na nikampa mume wangu jibu lake. Nilimwelezea kama nilivyoelezwa: mshono, jua, mvuke unaokaa chini. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kama ingekuwa imejaa petroli mpaka juu, pengine ningekuwa na macho," alisema.

"Pengine."

Alicheka, kicheko kikavu kilichomuumiza kwenye bandeji, na tangu siku ile hakuuliza tena.

Baada ya wiki kadhaa yule jirani wa Kiborana aliniambia kwamba mabirika yanakabidhiwa Kulamawe. Kontrakta alikuwa amepeleka mapipa yaliyobaki mji mwingine, kwa fundi mwingine, na kazi ilikuwa imekamilika. Ndugu yake alikuwa anapeleka mahindi upande huo. Nikapanda naye lori.

Sijui nilikwenda kufanya nini. Nilijiambia nataka kuona tu. Nilikuta turubai, viti vya plastiki, vipaza sauti, wageni wenye skafu mpya shingoni. Mabirika yalikuwa yamepangwa kando ya kisima, ya buluu, yamejaa maji, mazuri. Niliyatazama miguu na nikajua si kazi ya mume wangu. Yeye angeikaza kwa kipande cha chuma cha mshazari. Haya yangetikisika kabla ya mwaka.

Fundi aliyeyatengeneza alikuwa amesimama nyuma ya umati, mtu mwenye mvi, akila biskuti za wageni. Nikamsalimia, nikamsifu rangi, nikamwuliza kama hakuogopa kukata mapipa ya petroli.

"Ningeogopa," alisema. "Lakini kontrakta alileta bauza nzima, lile lori la tangi la maji. Tulizijaza pipa mpaka karibu na juu, ndio tukakata. Aliniambia hataki mambo ya Isiolo yarudiwe."

"Mambo gani ya Isiolo?"

"Kuna fundi alijiua huko. Hakutaka kutumia maji."

Nilimwambia fundi huyo ni mume wangu, na kwamba hajafa. Biskuti ilibaki mdomoni mwake. Ni mtu mwema, nadhani. Macho yake yalijaa aibu ambayo haikuwa yake. Sikuwa na muda naye. Nilipita katikati ya viti, mpaka mbele, pale kontrakta alipokuwa ameketi karibu na wakubwa.

"Maji ulitoa wapi?" nilimwuliza.

Alinitambua mara moja. "Mama, karibu. Si hapa, tutaongea baadaye."

"Ya kujaza mapipa. Bauza nzima. Ulitoa wapi?"

"Tulijifunza, mama," alisema kwa sauti ya chini, akitabasamu kwa ajili ya wageni. "Kila jambo lina funzo lake."

"Ulijifunza kwa mkono wa nani?"

Mtu wa kipaza sauti akaongeza muziki. Wanaume wawili wakanishika viwiko, si kwa ubaya, wakanitoa nje ya turubai. Mkubwa mmoja alimwuliza mwenzake kama mimi ni mgonjwa. Nilisikia vizuri, masikio yangu yalikuwa yameshapona.

Wanawake wa pale wakanipokea, wakanipa maziwa ya ngamia. Bibi mmoja, mwenye fimbo na mbuzi wake wachache waliobaki, alitaka kujua nilikuwa nagombania nini. Mmoja akamtafsiria. Alisikiliza, akauliza kama mume wangu anakula mwenyewe, nikasema najaribu kumfundisha. Akatazama birika lililokuwa mbele yetu. Mbuzi wake walikuwa wameingiza midomo, wakinywa kwa pupa, mikia ikitikisika.

"Binti yangu, mimi sikujua," alisema. "Niwaondoe?"

"Hapana. Waache wanywe."

Walikunywa, na mimi nikawatazama mpaka lori la mahindi likapiga honi.

Nilirudi na tabia mpya, ambayo mume wangu hakuipenda. Nilichukua mkebe wangu wa majani ya chai nikawa napita kwenye vibanda vya mafundi, Bulla Pesa hadi upande wa stendi, nikiwaeleza kuhusu mvuke. Wengine walinipa kiti. Wengine waliniita Mama Pipa. Kijana mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akaniahidi hatakata pipa bila maji. Siku chache baadaye alikata moja, kavu, na hakikutokea kitu. Alituma mtu aje nyumbani aniambie kwamba hakikutokea kitu.

"Umeona?" mume wangu alisema. "Watakuamini siku ambayo haitawasaidia."

Tangu atoke hospitali amekuwa mtu wa maneno machache na makali. Haimbi. Watu wa kanisa walikuja kumwombea, akawaambia waombe uani, ndani kuna joto. Anajua kuvaa shati peke yake, anajua kuhesabu hatua hadi choo, na mabinti zetu humsomea habari kwenye simu. Kuna siku anakaa tangu asubuhi akipitisha vidole kwenye fremu ya kitanda chetu, mshono kwa mshono.

Mwaka huu dada yake alikuja kutoka Nairobi na mtungi wa gesi, ule mdogo wenye kichomeo juu. Alikuwa ameona ninavyohangaika na makaa. Aliuweka ndani, kona ya kitanda, akafurahi nao. Mume wangu alisikia chuma kikigusa sakafu.

"Hiyo ni nini?"

"Gesi, kaka. Mke wako apumzike na moshi."

"Toa nje."

"Kaka, kila mtu Nairobi anapikia ndani."

"Nimesema itoke."

Wifi yangu alinitazama nimsaidie. Nilimwambia yale niliyoambiwa na afisa, kwamba hata hii ni nzito kuliko hewa, kwamba ikivuja inajaza sakafu kwanza, chini ya kitanda, na sisi tulikuwa na dirisha moja, juu. Kwamba ukisikia harufu huwashi taa wala huzimi. Alisema ninamtia mume wangu woga badala ya kumtoa. Alilia kidogo, akaondoka kesho yake mapema kuliko alivyopanga.

Kwa hiyo mtungi unakaa nje, chini ya ukingo wa paa, nami napikia huko. Lakini Isiolo ina upepo wake wa alasiri, unaotoka upande wa uwanja wa ndege na kubeba vumbi lote. Jana nilikuwa nimebandika wali. Upepo ukaja, mwali ukalala, ukazimika, nami nilikuwa nimegeuka kuchukua chumvi.

"Imezima!" mume wangu alipiga kelele kutoka ndani. Alisikia kabla yangu.

"Nimeona."

"Umefunga?"

"Nafunga."

"Funga kwanza, usiongee! Umefunga?"

"Nimefunga, baba."

Alitoka akipapasa ukuta kwa mkono wake mmoja, akasimama mlangoni, pua juu, akinusa. Nilimwambia tungoje. Tulingoja, yeye mlangoni na mimi na kijiko mkononi, majirani wakitutazama, mpaka upepo ulipobeba kila kitu. Hata baada ya hapo hakuniruhusu kuwasha. Nilienda kuomba makaa kwa jirani, na wali ule ukaiva juu juu na kubaki na kiini. Tuliula hivyo hivyo. Alisema umekosa chumvi.